Msumeno wa Watu Wawili

Sebuleni kwa Bi Plagi, pale ambapo wengine huweka kabati la vyombo vya wageni, palikuwa na rafu ya mbao ngumu iliyojaa misumeno ya mnyororo, ile ya injini, ya kuangushia miti. Yote ilikuwa mikongwe. Mingine rangi ilibabuka hadi chuma kikabaki uchi, lakini hakuna hata mmoja uliokuwa pambo tu. Ukivuta kamba, unawaka. Mgeni wa mara ya kwanza alikaa amejikunyata, maana akiegemea kiti vibaya, meno ya mnyororo yalikuwa usawa wa kisogo chake.

"Kaa vizuri," Bi Plagi humwambia, huku akimmiminia chai. "Haing'ati bila petroli."

Jina hilo alipewa na wateja. Ukimpelekea msumeno mbovu, kabla hujamaliza kueleza unaumwa nini, yeye keshachomoa plagi ya injini, kaitazama, kainusa, na keshajua. Karakana yake ilikuwa uani, chini ya paa la mabati. Misumeno ya siku hizi aliitengeneza ili ale. Ile ya zamani, ambayo wenyewe walishaikatia tamaa, aliiomba au kuiokota, akaifufua kwa raha zake tu.

Ufundi huo aliupatia katika kambi ya wapasua mbao, enzi akiwa mke kijana. Mumewe na kaka yake yeye walikata miti pamoja msituni, na jioni waliirudisha misumeno iliyogoma wakaibwaga mlangoni kwake kama nguo chafu. Siku moja akaanza kuifungua kwa hasira. Hasira ikaisha, kufungua kukabaki.

Mumewe huyo watu walimwita Gundi, kwa kuwa akiingia nyumba ya mtu hupiga soga hadi mwenye nyumba aanze kufunga madirisha. Ajabu ni kwamba alibanduka kwake mwenyewe. Alikwenda kukata miti nchi ya mbali, akaoa huko, na talaka ikaja mkononi mwa mpita njia. Bi Plagi alilia akalia, kisha akaamka akanunua seti ya spana.

Aliyeshindwa kusamehe ni kaka yake. Alikula yamini kwamba hatasema neno na Gundi hadi aingie kaburini, na hata mtu huyo aliporudi, amefiwa na yule mke wa pili, akapanga chumba mtaa wa pili tu, kaka alikuwa akimwona kwa mbali anavuka barabara ili amkwepe. Kaka mwenyewe misumeno ilikuwa imemwachia uziwi. Alisikia kidogo sana, kwa sikio la kulia, na kwa kuwa hakujisikia mwenyewe, alipiga kelele kila aliposema. Ndiyo maana mtaani aliitwa Ngurumo. Midomo ya watu alijifunza kuisoma vizuri tu. Jambo asilotaka kulijua, aliangalia pembeni.

Basi siku moja mnunuzi wa vyuma chakavu akaja na mkokoteni, akafunua turubai, na Bi Plagi macho yakamtoka pima. Ulikuwa msumeno wa watu wawili. Alikuwa hajauona mwingine tangu kambini: injini kubwa kama ndoo yenye mipini miwili upande mmoja, ubapa wa kuzungukia mnyororo, mrefu kuliko mtu mfupi, na kule mwisho wa ubapa mpini wa mtu wa pili.

"Huu naupeleka kuyeyushwa," alisema mnunuzi.

"Utayeyushwa wewe kwanza," alijibu Bi Plagi, akaenda kumtolea injini ya pampu iliyokufa, nzito zaidi. Mnunuzi akaondoka anapiga mluzi.

Ngurumo alipopita asubuhi kumjulia hali mdogo wake, aliukuta juu ya meza. Alisimama. Akapitisha kiganja juu ya tangi, akashuka na ubapa hadi kwenye mpini wa mwisho, akaushika.

"TULIKUWA NA HUU!" alinguruma, na kuku wa jirani wakatawanyika. "SI HUUHUU, LAKINI NDUGUYE!"

Tangu siku hiyo akawa haondoki karakanani. Pistoni ilikuwa imeganda kwenye silinda kama jino kwenye taya. Bi Plagi aliimiminia mafuta ya taa, akaiacha ilowe, akaigonga kwa nyundo ya mbao, akaiacha tena. Ngurumo alikuwa akiisugua kabureta kwa mswaki wa zamani, ulimi nje, kama mwanafunzi anayeandika mtihani. Walikata gasketi mpya, ya kuzibia viungo vya injini, kutoka kwenye karatasi nene. Walisugua pointi za umeme wa cheche hadi zikang'aa. Kamba ya kuwashia ilikuwa imeoza, wakaweka nyingine. Mnyororo wenyewe Ngurumo hakutaka uguswe na mtu. Aliunoa jino kwa jino kwa tupa, anahema polepole, na Bi Plagi alimtazama akawaza kwamba tangu wamzike wifi yake hajamwona kaka ametulia hivyo.

Ulipowaka, ulikohoa moshi wa buluu, ukazima, ukawaka tena, ukashika. Meza ikatetema, vikombe vikatetema, jirani akafunga dirisha. Ngurumo aliweka viganja vyote viwili juu ya injini akacheka bila sauti, mabega yanaruka.

Hiyo ilikuwa furaha. Kazi ikaja na dhoruba. Upepo uliangusha mti mkubwa wa uani mwa zahanati, ukalala moja kwa moja mbele ya mlango wa wodi ya wazazi. Akina mama waliokuja kujifungua walipitishwa jikoni, kati ya masufuria. Wakata miti walikuja na misumeno yao ya kisasa wakapunguza matawi, lakini gogo lenyewe liliwashinda, ubapa haukufika hata katikati. Muuguzi mkuu akamfuata Bi Plagi.

"Nasikia una mashine kubwa, mama."

"Mashine ninayo. Watu ndio sina."

Na kweli. Walimjaribu seremala wa jirani kwenye mpini wa pili, kwa kipande cha gogo pale karakanani. Seremala alivuta wakati wa kuacha, akaacha wakati wa kuvuta, mnyororo ukabana, injini ikazima, Ngurumo akamngurumia hadi maskini akakumbuka ghafla kwamba ana mlango wa mteja wa kumalizia.

"HAKUNA MTU!" Ngurumo alisema, akakaa.

Mtu alikuwepo, na wote wawili walimjua. Bi Plagi alipiga moyo konde, akampigia simu Gundi.

"Niko tayari," alisema Gundi, alipokwisha kuelezwa. Kisha akaongeza: "Lakini kaka yako si atanikata mimi badala ya gogo?"

"Msumeno una mipini miwili upande wake, na yeye ana mikono miwili. Hatapata mkono wa kukukatia."

Asubuhi ya kukata gogo wauguzi walikuwa wametoka nje, na wagonjwa wanaoweza kusimama walijaa madirishani. Msumeno ulikuwa umelazwa juu ya gunia kando ya gogo. Gundi aliingia getini mguu mosi mguu pili, kofia mkononi, amezeeka kuliko Bi Plagi alivyotarajia.

"Shemeji," alisema.

Ngurumo alimsoma mdomo. "MIMI SI SHEMEJI YAKO!" Akampa mgongo, akaketi juu ya gogo akiangalia ukuta.

Bi Plagi alizunguka, akachuchumaa mbele yake ili amwone vizuri. "Kaka. Mimi na huyu mambo yetu yalikwisha zamani. Huo mzigo unaoubeba ni wangu, na mimi nimeshautua."

"HUKUNIAMBIA!"

"Nimekuambia mpaka nimechoka. Kila nikikuambia unaangalia dari."

Ngurumo aling'oa gome la mti, akalivunja vipande. Aliposema tena, kwa mara ya kwanza Bi Plagi alimsikia akijaribu kushusha sauti, ingawa bado waliokuwa madirishani walisikia.

"Wewe alikupa talaka. Mimi hakunipa hata kwaheri. Asubuhi nimefika kwenye mti, nimeshika upande wangu, nangoja. Nimengoja hadi mchana. Kambi nzima inaniangalia."

Miaka yote Bi Plagi alidhani kaka yake anamtetea yeye, na kumbe ndani ya kumtetea mlikuwa na jeraha lake mwenyewe, ambalo hakuna aliyewahi kumuuliza.

Gundi alikuwa amesikia yote. "Niliona aibu," alisema kwa sauti ndogo.

Ngurumo, mgongo bado umegeuka, hakusikia kitu.

"Hajasikia," alisema Bi Plagi.

"Niliona aibu."

"Bado."

Gundi aliangalia madirisha yaliyojaa vichwa. Kisha akasogea hadi kwenye sikio la kulia la Ngurumo, akavuta pumzi, akapiga kelele: "NILIONA AIBU! NILIJUA UTANIULIZA NAKWENDA WAPI, NA MIMI NISINGEWEZA KUKUDANGANYA! NISAMEHE, MWENZANGU!"

Mtoto mchanga aliyekuwa analia wodini akanyamaza, labda kwa mshtuko. Ngurumo akainuka, akajipangusa suruali, akaenda kushika mipini ya upande wa injini. Hakumtazama Gundi. Alisema tu:

"UPANDE WAKO UKO KULE."

Bi Plagi alivuta kamba, msumeno ukanguruma, nao wakainama. Seremala aliyekuja kuchungulia alitikisa kichwa. Watu hawa hawakusemezana wala kuonyeshana ishara. Gundi alipotaka waache, aliuinua mpini kidogo, na kule upande wa pili Ngurumo aliupata ujumbe viganjani. Ngurumo alipotaka wazamishe zaidi, aliegemea, na Gundi akafuata. Unga wa mbao uliwarukia miguuni ukafunika viatu. Walipumzika mara kwa mara, maana si vijana, na katika mapumziko yale Gundi alimshikia Ngurumo kopo la maji naye akalipokea. Jua lilikuwa la utosi kipande cha mwisho kilipoanguka, na wauguzi wakasaidiana kukivingirisha hadi kwenye uzio. Mlango wa wodi ukafunguka.

Watu walipiga makofi. Bi Plagi naye alipiga, lakini ndani yake kulikuwa na kitu kinachomchoma, akaona afadhali akafunge petroli na kukusanya vifaa. Gundi akamfuata hadi kwenye mkokoteni walioletea msumeno.

"Na wewe nakudai samahani," alisema.

"Hunidai. Wewe ndiye unayedaiwa."

"Naam. Nadaiwa." Alizungusha kofia yake. "Nilikukosea sana. Nilikuwa mwoga, nikamtuma mtu baki alete talaka. Nisamehe."

Bi Plagi alifuta ubapa kwa kitambaa chenye oili, taratibu, upande mmoja kisha wa pili. Alidhani hahitaji tena kulisikia neno hilo, na sasa alishangaa kuona ubapa umeshang'aa naye bado anaufuta.

"Nimekusikia," alisema mwishowe. "Nimekusamehe. Ila elewa: leo umerudiwa na rafiki, si na mke."

"Nimeelewa."

"Basi shika huku, tupakie."

Kuanzia hapo wanaume wale wawili walipatana, ingawa kwa namna yao, bila maneno mengi. Gundi ndiye aliyemburuta Ngurumo kwa muuguzi mkuu akapimwe masikio, jambo ambalo Bi Plagi aliliimba kwa miaka bila kusikilizwa. Kifaa alichopewa kilimsaidia kiasi, na mtaa ukapata nafuu kubwa. Msumeno wa watu wawili Bi Plagi aliulaza sebuleni chini ya dirisha, kwa kuwa rafu isingeubeba. Kila mti ulipoanguka mahali, wazee wale walikuja kuuomba, naye aliwapa baada ya kuwakagua viatu na kuwaonya kama watoto wa shule.

Siku moja walipochelewa kuurudisha, alitoka hadi mlangoni kuwatazamia. Aliwaona mwisho wa mtaa, wameubeba begani, mmoja mbele mmoja nyuma, Gundi anaongea bila kituo na Ngurumo anaitikia kwa kichwa. Akarudi ndani, akaweka maji ya chai jikoni, akaongeza vikombe viwili.