Uso wa Letisia Ukutani

Kilosa nzima hapakuwa na kazi ya mikono ambayo Melkizedek hakuigusa. Alichonga milango ya kanisa, akawamba ngoma, akafinyanga mitungi, akaandika mabango ya maduka mpaka Mikumi. Siku ya Uhuru, mwenge uliochorwa pale bomani ulitoka mkononi mwake. Wakubwa wakampa mkono, wakamwahidi shule ya ufundi awafundishe vijana. Ahadi yenyewe iliishia pale pale bomani.

Kazi moja tu aliifanya kwa ajili ya nafsi yake. Mkewe Letisia alipofariki bila kuacha hata picha moja, aliufinyanga uso wake kwa udongo kwenye ukuta wa chumbani, kule mlimani juu ya Kisanga. Aliupata hasa, mdomo umebana kama mtu anayezuia kicheko. Kuta za nje alikuwa amezisiriba kwa udongo na mavi ya ng'ombe zistahimili mvua. Uso aliuacha udongo mtupu, upate ulaini wa shavu. Chumbani mvua itoke wapi?

Mwaka wa sabini na nne ikaja amri: wote washuke barabarani, kijiji cha ujamaa. Melkizedek akamfuata katibu wa chama, kijana aitwaye Oswald.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kuhama nahama, sibishi. Ila nipe lori, nikate ukuta mmoja nishuke nao."

Oswald akawageukia mgambo wake, wakacheka. "Wenzako wanaomba lori wabebe mahindi, wewe ukuta!"

"Una uso wa mke wangu."

"Basi tufanye hivi. Jumamosi tuna mgeni mkubwa, na kijiji hakina bango. Tuandikie. Ukimaliza, lori lako."

"Na nyumba isiguswe."

"Nani aiguse, mzee?"

Akashuka. Siku tatu alichora watu wanaolima huku wanacheka. Jirani yake Magreti, aliyekuwa akilala na wanawe chini ya turubai lililotoboka, akaja kutazama.

"Baba, hawa wanaocheka umewaokota wapi?"

"Kwa katibu."

"Mwambie atuletee na sisi kidogo cha kuchekea."

Ijumaa vuli ikaanza, mvua ya kutwa nzima. Jumamosi mgeni akaja, akalisifu bango bila kuuliza aliyelichora, akaondoka.

"Lori limewapeleka wacheza ngoma Mikumi," Oswald akasema. "Vumilia mpaka Jumatatu."

Melkizedek hakuvumilia. Alipanda mlima kwa miguu, akaikuta nyumba haina paa. Mgambo walikuwa wameziezua nyumba zote ili mtu asithubutu kurudi. Kuta za nje zilisimama imara. Chumbani, uso ulikuwa umeteremka wote, umekuwa tope chini ya ukuta.

Akalichota, akalikanda, akaanza upya. Vidole vilifanya kazi kwa ustadi ule ule, na uso ukatoka, uso mzuri wa mwanamke. Hakuwa Letisia. Akaubomoa, akarudia. Mara ya tatu akatoka mwanamke mwingine kabisa, wala hakujua ni nani. Akafuta mikono kwenye suruali.

Jumatatu Oswald alimkuta amesharudi, amekaa kwenye kambi ya waliohamishwa, akamwamkia kwa adabu zote.

"Mzee, watu wa kijiji cha pili nao wameliona bango lako, wanataka kama lile."

Hata neno la pole hakulitoa. Wakubwa hawa hawafundishwi pole.

"Leta rangi," Melkizedek akasema.