Fundo la Kumrudisha Bata

Kila asubuhi kabla Bata hajatoka, mkewe alimfunga jaketi la kuokolea maisha kwa fundo lake mwenyewe: anazungusha mara mbili, anakaza, kisha mkia wa kamba anauficha ndani. Bata alifanya kazi kwenye boti ya mafundi wanaotandaza mkongo wa intaneti ziwani, na kulifungua fundo lile peke yake hakuweza.

"Ukinikasirikia siku moja, nitalala na jaketi."

"Ndiyo maana yake. Urudi nikufungue."

Mkewe mwenyewe maji aliyaogopa, hata kisima alikichungulia kwa mbali.

Wiki ile alihitajika mtu wa kufunga maboya kwenye mkongo, pale ufukoni, na Bata akamdhamini mkewe kwa msimamizi. Mkongo ungevutwa hadi ng'ambo ukielea juu ya maboya, kisha boti ipite ikiyafungua, nao uzame taratibu. Msimamizi akamwelekeza fundo jepesi, la kuvuta mara moja likaachia.

"Nimekuelewa, mwanangu," mke wa Bata akasema. Lakini akili ikawa kwa mumewe, na mikono ikafuata mazoea.

Mkongo ulipofika ng'ambo, Bata akaanzia maboya ya karibu na ufuko. La kwanza likagoma. La pili vilevile. Mwenzake akachomoa kisu.

"Rudisha hicho!" msimamizi akafoka kutoka nchi kavu. "Ukiukwaruza mkongo, maji yanaingia!"

Upepo nao ulishaanza kuusukuma mkongo kwenye miamba. Ukikatika huko, Bata hana kazi.

"Nani kafunga haya?" msimamizi akauliza.

Mke wa Bata akasogea mbele. "Ni mimi, mwanangu. Leteni boti."

Bata akaja, macho yamemtoka. "Mama watoto! Wewe, majini?"

"Usinitazame mimi. Tazama unakokwenda."

Akakaa mbele, midomo ikimwita Mungu, macho kwenye kamba tu. Ukucha uliposhindwa alitia jino. Boya likiachia, anageukia jingine. Nyuma yake mkongo ukazama kimyakimya. Mawimbi yalipoanza kuwarushia maji usoni, boya la mwisho likatoka, na hapo ndipo alipotazama pembeni, akaona maji tupu pande zote, akamshika Bata mguu kwa mikono miwili.

"Sasa nirudishe," akasema.

Ufukoni msimamizi akamuuliza, "Mama, kesho unafunga au unafungua?"

"Kesho nachemsha chai, mwanangu."

Jioni, nyumbani, Bata akasimama mlangoni, mikono juu, kama mtoto anayesubiri kuvuliwa shati. Vidole vya mkewe vilikuwa vimevimba, fundo likamshinda.

"Pole, bibie. Kesho nifunge lile jepesi basi."

"Lile ni la mkongo," akasema, akiinama kifuani kwake kulikamata fundo kwa meno. "Wewe sikufungi hivyo."