Mkongojo wa Bibi

Ufa ulikuwa mwembamba kama unywele, kutoka kwenye kishikio hadi katikati ya mkongojo. Niliujaza unga wa mpingo uliochanganywa na gundi, nikapiga msasa, nikapaka nta. Mpingo ni mweusi tii, unaficha mengi. Hata baba, fundi wa miaka thelathini, aliupitishia kidole akasema, "Mwanangu, sasa umeiva."

Sikuwa nimeiva. Nilikuwa na haraka tu.

Gogo la mkongojo ule babu alilileta mwaka aliofariki. Alipaka nta ncha zote mbili ili unyevu utoke polepole, akalisukuma chini ya kitanda na kuniagiza: likae miaka mitano. Mpingo ni mzito hata majini unazama, na unakula meno ya msumeno, lakini jua la ghafla linaupasua. Mwaka wa tatu bibi alivunjika nyonga. Nikasikia anatoka hospitali Ijumaa. Nikalichonga gogo likiwa bado bichi, nikauanika mkongojo juani siku nne.

Bibi aliupokea akiwa kwenye kochi, akaupapasa. "Kama marehemu kabisa. Mweusi, mgumu, na hasemi kitu."

Tulicheka wote. Kisha akaugonga sakafuni. Mpingo mzima hulia kama kengele. Huu ulikohoa.

Baba aligeuza kichwa. Mimi nikaangalia vidole vyangu vya miguu. Bibi alikuwa ameshaanza kuinuka, uzito wote mkononi.

"Bibi, kaa!" Nikapiga magoti mbele yake, nikaushika mkongojo. "Una ufa. Nimeuziba. Niliuanika juani."

Baba aliuchukua, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akauweka mezani taratibu. Afadhali angenifokea.

"Na mwingine utakuwa tayari lini?" bibi aliuliza.

"Tukipata gogo leo... miaka mitano, Bibi."

"Mitano! Na themanini na tatu niliyonayo? Basi nipakeni nta kichwani na miguuni, mnisukume chini ya kitanda."

Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi aliutazama mkongojo pale mezani kwa muda, kisha akanyoosha mkono, akanishika bega.

"Haya, fimbo, simama. Nataka kwenda chooni."

Nilisimama. Akaniegemea, hatua kwa hatua, hadi mlangoni. Alikuwa mwepesi mno. Nilitamani awe mzito zaidi.