Fuvu Lililovaa Kitenge cha Bibi

Kostansia alikuwa akimenya ndizi za kupika wakati Fides, binti yake wa miaka tisa, alipoingia kutoka shule, akaweka mchoro mezani na kusimama pembeni. Kostansia akautazama, akaweka kisu chini, akautazama tena. Ungeduwaa hata wewe.

Ilikuwa meza iliyojaa maua ya rangi ya chungwa, mishumaa na mikate. Katikati palikuwa na fuvu la mtu, jamani, tena linacheka! Limechorwa maua mashavuni, limefungwa kilemba, limevaa kitenge cha bluu chenye ndege, na meno ya mbele yana mwanya. Chini yake neno moja: BIBI.

"Hiki ni nini?"

Fides alijibu kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mwalimu wa sanaa kwao ni Meksiko. Huko, kila mwezi wa kumi na moja, watu wanawaandalia wafu wao meza, wanaweka picha, mafuvu yaliyopambwa kwa maua, na chakula walichokipenda wakiwa hai, ili wafu hao waje kuwatembelea. Basi mwalimu akasema kila mtoto achore meza ya mtu wake aliyekufa.

"Aliyekufa?" Kostansia aliruka. "Unamchuria bibi yako? Mama yangu yuko kambini Nyarugusu, Tanzania, mzima kabisa, wiki iliyopita tu ameniagiza sweta! Ushindwe!"

Fides alimtazama mama yake usoni. Kisha akaenda chumbani na kufunga mlango.

Kostansia alibaki na fuvu lake. Akapiga simu kambini: haipatikani. Hilo halikumtisha, mtandao wa kule unajulikana. Akampigia kaka yake Sipriani, aliyepanga nyumba mtaa wa Linden, mjini Columbus, huku huku Amerika.

"Dada! Umekula?" ndilo neno la kwanza alilosema.

"Nimekula nini saa kumi jioni? Sikiliza, mama mara ya mwisho ulizungumza naye lini?"

"Uko peke yako hapo? Leonardi hajarudi?"

"Nimekuuliza habari za mama, unanijibu habari za mume wangu! Mbona nasikia gari? Leo si siku ya kazi?"

"Niko njiani," Sipriani alisema. Nyuma yake mtu akakohoa, na kikohozi kile Kostansia alikijua tangu utotoni. Kilikuwa cha Jovini, kaka yao mkubwa, anayeishi Kenmore, karibu na Buffalo. Kutoka Buffalo hadi Columbus ni mwendo wa saa tano! Jovini anafanya nini ndani ya gari la Sipriani siku ya Jumatano? Kabla hajauliza, simu ikakatwa.

Akajaribu kulipanga jambo lile na halikupangika. Labda Jovini amefukuzwa kazi. Labda Sipriani amepata mchumba, wanataka kumshtukiza kwa furaha. Lakini ndugu gani anayeleta furaha akauliza kwanza kama umekula?

Mlango ukafunguliwa, akaingia Leonardi, mumewe, ambaye kwa kawaida hatoki kazini kwake ghalani kabla ya saa mbili usiku. Amebeba kreti ya soda, na nyuma yake vijana wawili wa kanisani wanashusha viti vya kukunja.

"Viti vya nini? Kuna sherehe?"

"Wageni," alisema Leonardi, akitazama viatu vyake.

"Wageni gani wa viti ishirini? Baba Fides, niangalie!"

Hakumwangalia. Akaanza kusogeza makochi ukutani. Kostansia alimfuata huku na huku akiuliza, mwishowe akachukua kiti kimoja na kukipanga mwenyewe, maana mikono yake ilihitaji kazi. Mara ngapi ameshapanga viti namna hii kwenye nyumba za watu! Mwaka juzi tu, hapa hapa mtaani kwao Newburg, alimficha jirani habari ya msiba wake kwa siku tatu, akimchekea usoni, mpaka wazee walipofika na jirani akalishwa uji kwanza. Kwao Warundi, mtu hapigiwi simu kuambiwa kwamba mama yake amefariki. Aliyajua hayo yote. Na bado akauliza tena, "Au ni mchumba wa Sipriani?"

Jua lilikuwa linazama kaka zake walipoingia. Jovini alimshika mkono akamketisha. Mtu akaleta sahani ya wali.

"Kula kwanza, dada."

"Sili. Sema."

"Dada, kidogo tu."

"Jovini, sema!"

Jovini akavua kofia. "Mama alitutoka Jumamosi. Wamemzika Jumatatu."

Siku nne! Siku nne amecheka kazini, ameimba jikoni, amemtafutia marehemu sweta. Akamgeukia mumewe: "Ulijua." Leonardi akainamisha kichwa.

Ndipo mlango wa chumbani ukafunguka. Fides alisimama hapo, macho mekundu.

"Mama, sasa na wewe umeambiwa?" Safari hii alisema Kiswahili. "Mimi nilimsikia baba kwenye simu Jumamosi. Nikangoja ulie. Hukulia. Nikadhani sisi huku Amerika hatulii."

Kostansia akaisukuma sahani, akanyoosha mikono miwili.

"Njoo, mwanangu," alisema. "Njoo tulie."