Mke Mdogo na Mgeni

Jumatano ile nilianguka kutoka kwenye stuli, kando ya tangi la samaki. Sikuvunjika. Nilikaa chini ghafla tu, wavu mkononi, maji ya chumvi yakinichuruzika mpaka kwapani. Samaki mdogo alikuwa bado ndani ya wavu, nikajikokota kwa makalio mpaka kwenye ndoo na kumtumbukiza. Ndivyo mjukuu wangu alivyonikuta.

Mjukuu wangu ni muuguzi. Hakupiga kelele. Alinipapasa nyonga, akanikunja goti moja, kisha la pili, akaninyanyua taratibu. Alipohakikisha nimesimama vizuri, ndipo akakasirika.

"Bibi, sasa basi. Jumapili nikitoka zamu nakuja na ndoo yenye mfuniko. Wakiwa bado wanagombana, wote wawili wanarudi dukani."

"Hata mkubwa?"

"Hata mkubwa. Na tangi linaondoka."

Huyo mkubwa alikuwa wa babu yake. Ni samaki wa rangi ya chungwa, mwenye mikanda mitatu myeupe, hazidi urefu wa kidole changu cha kati, lakini maringo yake ni ya mwenye nyumba anayedai kila mpangaji amwinamie. Marehemu alimlea miaka kumi na mmoja. Alimwita Mke Mdogo, na kila asubuhi alimlisha kabla hajanijulia hali mimi, kusudi anione nikinuna. "Usimwonee wivu mke mwenzio," alikuwa akiniambia, "huyu hata kukoroma hakoromi." Tangu tumzike, asubuhi Mke Mdogo huja kwenye kioo upande ule ule wa kiti chake, akasubiri. Tunasubiri wote wawili. Kisha namlisha mimi.

Ugomvi ulianza dume lake la zamani lilipokufa kwa uzee. Nilimwonea huruma, nikamnunulia mwenzake. Muuza samaki alinichagulia mdogo kabisa, akasema wa umri ule hana ubishi, atakua awe dume lake. Nikamwita Mgeni. Siku ya kwanza tu Mke Mdogo alimfukuza kutoka jiwe hadi jiwe, akamng'ata mkia ukabaki kama pindo la shuka kuukuu. Mgeni akajilaza ubavu, akaanza kutetemeka mwili mzima. Nimelea watoto sita, nikaona hiyo ni degedege. Nikapanda stuli, nikamtoa. Kesho yake nikamrudisha. Akang'atwa, akatetemeka, nikamtoa. Tukaenda hivyo wiki mbili, mpaka siku ile niliyoanguka.

Alhamisi nikampigia simu muuza samaki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Huyu Mgeni wako ana degedege."

"Anatetemeka akiwa anakimbia, au akiwa amesimama?"

"Anasimama mbele ya mwenzake, anajilaza ubavu, halafu ndiyo anatetemeka. Namwahi kabla hajakata roho."

Nilisikia kicheko kidogo cha adabu, kama cha mtu aliyegeuza simu pembeni.

"Mama, ile si degedege. Anaamkia. Ndiyo shikamoo yao. Mdogo anasema, wewe ndiye mkubwa, mimi sina ugomvi. Sasa wewe unamnyakua na wavu kabla hajaitikiwa! Mkubwa kila siku anaona ameingia mtu mpya asiye na adabu."

Niliona aibu, peke yangu pale sebuleni, nikajifuta uso kwa upindo wa gauni.

Jioni alikuja mwenyewe, amekwisha kufunga duka. Alileta kisanduku cha plastiki chenye matundu, akamfungia Mke Mdogo ndani yake, ndani ya tangi lile lile, ili Mgeni apate nafasi ya kujua maficho. Kisha akapanga mawe yote upya, mkubwa asibaki na kona ya kudai kuwa ni yake. Hakuniacha niguse hata jiwe moja.

"Jumapili mfungulie. Atamfukuza, usishtuke. Ila akimng'ang'ania asimwachie, au mdogo akiacha kula, watenganishe. Hapo hawatapatana tena."

Siku mbili na nusu Mke Mdogo aligonga plastiki kwa pua, akinitazama. Nilimlisha kupitia tundu la juu. Hakula. "Usininunie," nilimwambia, "hata mimi sikupenda."

Jumapili mjukuu wangu aliingia na sare yake ya kazi, macho mekundu kwa usingizi, ndoo mkononi. Mfuniko alikuwa ameutoboa tayari.

"Ngoja kwanza chai yangu ipoe," nilimwomba.

"Mke mwenzangu, hiyo chai umeifunika kusudi," alinitania.

Hata hivyo akaweka ndoo chini. Alipanda stuli yeye, akafungua kisanduku, akashuka na wavu mkononi.

Mke Mdogo alitoka polepole. Alizunguka mawe asiyoyajua, akarudi, akazunguka tena. Kisha akamwona Mgeni, akamrukia. Mgeni alipenya chini ya jiwe, akatokea upande wa pili. Akarukiwa tena, na kipande cha pezi kikaelea juu kama karatasi nyembamba.

"Bibi, anamuua!"

Akainua wavu. Nikamshika mkono. Mkono wake ulikuwa na nguvu kuliko wangu, angeweza kuniponyoka.

"Mwache. Anaamkia."

Mgeni alikuwa amesimama mbele ya yule mkubwa, mahali peupe, hana pa kukimbilia. Akajilaza ubavu. Akatetemeka kutoka kichwani hadi kwenye ule mkia uliochanika. Mke Mdogo alimsogelea mpaka pua ikamgusa tumbo. Mdomo wake ukafunguka. Vidole vyangu vilikuwa vimeubana mkono wa mtoto wa watu na sikujua.

Mgeni akatetemeka tena, mara ya tatu, ya nne.

Mke Mdogo akafunga mdomo. Akageuka, akaogelea hadi kwenye kioo upande wa kiti cha marehemu, akatulia. Mgeni akamfuata, akasimama nyuma yake kwa urefu wa mkono wa mtoto mchanga. Akageukiwa, akatetemeka haraka haraka. Akaachwa.

Mjukuu wangu alitupa punje za chakula. Mkubwa akala. Mdogo akasubiri, kisha naye akala.

Tulikaa pale mpaka chai ikapoa kwelikweli. Mara mbili Mgeni alifukuzwa, mara mbili akaamkia. Mjukuu wangu alisinzia kwenye kiti cha babu yake, wavu ungali mapajani.

Alipoamka, aliosha ndoo, akaifunika, akaiacha chini ya tangi, "endapo wataanza tena." Kisha akaibeba stuli begani.

"Unaipeleka wapi stuli yangu?"

"Kwangu. Kuwalisha unafikia bila stuli. Ukitaka kutia wavu kwenye hilo tangi, utanipigia simu."

Akafungua mlango kwa kiwiko, akaenda zake nayo.