Kati ya Milango Miwili

Vasudha alikwama kati ya milango miwili ya kioo, amevaa sari yake ya hariri, na hakuwa na wa kumlaumu. Programu ya milango ile aliiandika mwenyewe, kwa mbwembwe zote, na kampuni ikampigia makofi.

Asubuhi hiyo alipitia ofisini kwake, Bengaluru, kuchukua tali aliyoifungia kwenye droo: kidani cha dhahabu ambacho bwana harusi angemfunga shingoni Chaitra, mdogo wake. Alipokuwa akitoka, mlango wa ndani ulimfungulia, ukajifunga nyuma yake. Hapo hapo ikagonga saa tatu, likizo yake ya harusi ikaanza, kadi yake ikafa. Kadi ya aliye likizoni haifungui kitu, na mtu akiwa kati ya milango hata kadi ya mwenzake haisomwi. Hilo nalo aliliandika yeye.

"Bonyeza kitufe chako, mzee!" alimwambia Nanjundappa, mlinzi wa upande wa nje.

"Nabonyeza mpaka kidole kinauma, mwanangu."

Ndipo alipokumbuka kosa lake. Alikusudia mlango ufunguke kengele ya moto ikilia au mlinzi akibonyeza. Pale pa "au", akaandika "na". Sasa mashine ilitaka vyote viwili kwa pamoja, kimoja peke yake haikukitambua.

"Basi nivute kengele?" Nanjundappa aliuliza kwa sauti ndogo. Jengo zima lingemwagika barabarani, naye angefukuzwa kazi siku hiyo hiyo. Wote wawili walijua.

"Usithubutu. Kosa ni langu."

Binamu yake Girish, aliyekuwa akimsubiri nje na pikipiki, aliingia akifoka. "Dada, saa njema inapita! Kuhani hasubiri mtu!"

"Nimekwama, wewe! Fundi yuko njiani."

"Njia ipi? Foleni ya makutano ya Silk Board? Atafika na mvi!"

Vasudha aliukumbatia mkoba wenye tali. Tangu afungiwe aliwaza jambo moja tu: tali na mimi tufike. Tali na mimi. Akatazama chini ya mlango, penye upenyo wa kupita vidole. Fundo la ndoa lilihitaji tali. Yeye halikumhitaji. Iliuma kulikubali hilo, maana ndiye aliyemlea Chaitra tangu mama yao afariki.

Alipiga magoti, akaisukuma ile dhahabu mpaka Girish akaidaka.

"Na wewe, Dada?"

"Kimbia, mpumbavu!"

Baadaye simu yake ililia, Girish akipiga kutoka harusini. Alisikia ngoma zinazopigwa fundo likifungwa, na katikati yake sauti ya Chaitra: "Dada yuko wapi?"

"Nipo! Nipo hapa!" Vasudha alipaza sauti, lakini ngoma zilimshinda. Nyuma ya kioo, Nanjundappa alikuwa bado anabonyeza kitufe.