Skonzi Zisizonunuliwa

Tajiri wetu, mwenye duka la mikate, alituita ofisini, mimi na mume wangu, akatuonyesha simu yake. "Skonzi hazinunuliwi," akasema. "Mfumo ndio unaosema. Mwisho wa mwezi tunaziacha, tunabaki na mkate."

Mume wangu ndiye fundi wa mkate. Wa skonzi ni mimi. Nikamuuliza tajiri, kwa adabu zote nilizofunzwa kwetu: kama hazinunuliwi, mbona trei zinarudi tupu kila jioni?

"Labda mnazila."

Tunazila! Mtu mwenyewe nilivyo, upepo ukivuma nashika mlango, halafu niambiwe namaliza trei nzima za skonzi. Nilitoka mle nimefura. Lakini hasira zangu ndivyo zilivyo, zikipoa kidogo zinageuka maswali. Hiyo mashine ilijuaje? Haijawahi kuingia jikoni, haina pua wala ulimi. Nani kaiambia?

Nikamfuata mpwa wa tajiri, yule tunayemwita Mtandao, maana huo mfumo aliuleta yeye.

"Shemeji, mashine haijui kitu," akaniambia. "Muuzaji akigusa picha ya mkate, inaandika mkate. Akigusa ya skonzi, inaandika skonzi. Jioni inajumlisha, inampelekea mjomba."

"Kwa hiyo mfumo ndiyo ile mashine ya pale mbele?"

"Mashine peke yake si mfumo. Ni mashine, na watu, na jinsi mnavyofanya kazi. Kimoja kikienda kombo, ripoti inasema uongo na hakuna anayejua."

"Na pesa je? Mbona hazijapungua?"

"Zitapunguaje? Mkate na pakiti ya skonzi bei ni moja. Ukihesabu pesa huwezi kujua kilichouzwa."

Hilo sikuwa nimelifikiria. Sasa nikataka kukiona kidole kinachogusa, na mwenye kidole nilikuwa namjua vizuri: anayeuza pale mbele ni mama mkwe wangu.

Nikajidai nafuta kabati la vioo. Mteja akaomba skonzi. Mama akapapasa pakiti, akaibonyeza kidogo, akampa, wala hakukosea. Kisha kidole kikaenda kwenye mashine, pembe ya juu, kushoto. Mkate. Akaja wa mkate, kidole kikaenda pembe ile ile. Akaja mwingine wa skonzi, pembe ile ile. Picha hakuzitazama hata kidogo. Alipopewa noti aliisogeza mpaka puani kama anainusa.

Hapo nikaelewa. Mama alikuwa haoni vizuri, na alikuwa anaficha. Kiti kile ndiyo fahari yake. Wateja anawajua kwa sauti, anawauliza habari za wagonjwa wao, nao wanamwita Mama kama aliwazaa yeye. Nikisema, anaondolewa. Nisiposema, naondolewa mimi. Nilimwonea huruma na nilimkasirikia, vyote kwa pamoja, na hata mume wangu sikumwambia.

Nikarudi kwa Mtandao. "Shemeji, hebu ipandishe picha ya skonzi, ikae kwenye ile pembe ya mkate. Ya mkate ishuke chini."

"Ili iweje?"

"Wewe ipandishe tu, tuone."

Akacheka, akabadilisha. Nikajiona mjanja kuliko sungura. Akili zangu ziliishia kwenye skonzi zangu. Sikukumbuka kwamba mkate nao una mwenyewe.

Wiki iliyofuata tajiri akatuita tena, safari hii pamoja na mama mkwe na Mtandao. "Ajabu," akasema. "Sasa kisichonunuliwa ni mkate. Watu wanataka skonzi tupu." Akamgeukia mume wangu. "Bwana, itabidi utafute kazi kwingine."

Mimi nilikuwa bado natafuta pa kuanzia, mama akasimama.

"Mwanangu hana kosa," akasema. "Ni mimi. Macho yangu hayazioni hizo picha. Nagusa pale kidole kilipozoea, tangu mashine ilipoletwa."

Mtandao akanitazama. Mimi nikatazama sakafu. Tajiri akasema mkate utabaki, skonzi zitabaki, ila pale mbele atawekwa mtu mwingine. Mama akaitikia kwa kichwa.

Mchana ule akaja jikoni, akavuta kigoda, akaketi karibu na beseni langu. "Nipe donge nikande," akasema. Nikamkatia. Mikono yake ikaanza polepole, kisha ikashika kasi.

"Ulikuwa unajua, mwanangu?"

"Nilikuwa najua, Mama."

Akalikunja donge, akaligeuza, akaendelea kukanda.

"Na mimi nilisikia siku ile waliposema wataacha skonzi zako," akasema. "Nikanyamaza."